Saa Saba ya Kwenye Karatasi

Jumatatu nimekuta karatasi imebandikwa tena kwenye mlango wa ofisi ya msimamizi. Picha ni ile ile ya mwaka jana. Kijana mwenye meno meupe anaruka jiwe, nyuma yake kuna kilima, na juu ya kilima kuna jua dogo jekundu kama kiini cha yai. Aliyelichora hilo jua hajawahi kukimbia chini yake.

Mimi niliishia darasa la nne kwetu Tukuyu, baba aliposema mikono ya kuchuma chai haihitaji la tano. Nikiandika vibaya mtanisamehe. Lakini saa naijua, na walionikosea nawajua, na nitawataja kwa kazi zao. Majina nawaachia watoto wao, hawana kosa.

Kazi yangu ni doria ya moto kwenye mashamba ya mipaina, upande wa Igowole. Kuanzia mwezi wa sita mpaka mvua ishuke tunatembea barabara za kuzuia moto na panga na filimbi. Ukiona moshi unapiga filimbi, unapiga simu, halafu unakimbia kuufuata. Ndiyo maana watu wa doria wanalazwa kambini, karibu na king'ora. Chumba changu kiko safu ya pili, cha tatu kutoka bombani. Kina kitanda, meza, na dirisha linaloangalia miti. Mume wangu alipofariki, ndugu zake walisema nyumba ni ya ukoo, wakaniachia godoro na sufuria mbili. Chumba hiki ndicho kilichonipokea. Na sheria yake ni moja: ukitoka doria, unatoka chumbani.

Kwa hiyo mkiniuliza nilikimbilia nini mwaka jana, nilikimbilia chumba.

Msimamizi alikuwa mgeni wakati ule, ana miezi miwili tu hapa. Kijana wa shahada, mkononi ana saa inayohesabu mapigo ya moyo. Alituita ofisini watu wawili tuliopita miaka arobaini na tano, mimi na mzee mmoja wa ukoo wa marehemu mume wangu. Huyo mzee tulikuwa tunaitana shemeji. Katika ukoo mzima ni yeye peke yake aliyesema, siku ile ya godoro na sufuria, kwamba wanachonifanyia ni dhambi. Hawakumsikiliza, lakini alisema.

"Kampuni inataka watu wenye pumzi," msimamizi alituambia. "Siwafukuzi. Mwezi wa kumi kuna mbio za nyikani kule bondeni, kilomita kumi na nane. Atakayemaliza ndani ya saa tano aniletee cheti, anabaki doria. Atakayeshindwa ataenda bustani ya miche. Bustani nayo ni kazi."

"Na chumba?" niliuliza.

"Chumba ni cha doria, mama. Unajua."

Akatupa karatasi. Chini ya picha iliandikwa kwa herufi kubwa: KUANZA SAA 7:00.

Mzee aliivaa miwani yake yenye mguu mmoja, akaisogeza karatasi mbali, akaisogeza karibu.

"Saa saba," akasema. "Mchana?"

Msimamizi alikuwa anaangalia simu. "Si umeandikiwa hapo? Soma."

"Nasoma saa saba."

"Basi ni hiyo hiyo."

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, kwenye hayo maneno manne. Angeinua macho tu. Mtoto yeyote wa nchi hii anajua kwamba kuna saba ya kizungu, ambayo ni saa moja asubuhi wakati chai inachemka, na kuna saa saba yetu, ambayo ni jua la utosini. Yeye amesoma mpaka amemaliza, na wakubwa wake wanaandikiana kwa saa ya kizungu kila siku. Angeinua macho, angeona.

Mzee aliitafuta akili ya jambo lile akaipata. "Ni kipimo," alinieleza tukitoka. "Mchana wa jua ndio kipimo chenyewe. Asubuhi hata kuku anakimbia."

Na mimi nilimwamini, kwa sababu maisha yangu yote wakubwa wamenipima hivyo hivyo, kwenye sehemu ngumu.

Tulifanya mazoezi wiki tano. Ukungu wa Mufindi mnaujua. Tulikimbia na masweta, mvuke unatutoka mdomoni kama vyungu vya wali. Mimi nilikuwa na raba za mtumba kutoka Mafinga, kubwa kwa namba moja, nimezijaza vitambaa mbele. Yeye alikimbia na viatu vya kazi.

"Shemeji, nyie Wanyakyusa mmezaliwa na mvua," alikuwa ananiambia. "Kule bondeni utayeyuka kama sukari guru. Itabidi nikulete kwenye chupa."

"Na wewe je, mtu wa ukungu?"

"Mimi nimechimba dhahabu Chunya miaka sita. Joto la Chunya likikupiga unasahau jina la mama yako. Joto nalijua, nalo linanijua."

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Ishirini na kitu."

"Basi limekusahau."

Alicheka. Mimi sikucheka sana. Nilikuwa nahesabu usiku na mchana, kilomita kumi na nane kwa saa tano, kilomita kumi na nane kwa saa tano, kama mtu anayesali rozari bila kusikia maneno.

Siku yenyewe tuliondoka alfajiri. Kutoka Mafinga tukapata gari mpaka Iringa mjini, kutoka Iringa tukapata lori la mtu anayekwenda kuchukua vitunguu bondeni. Tulipopita Kalenga dereva akatutania, akauliza wazee wawili tunakwenda kukimbia nini, deni au polisi.

"Sisi Wahehe hatukimbii," mzee akamjibu. "Muulize Mjerumani. Mhehe hukimbiwa."

Dereva akapiga usukani kwa kicheko. Hapo bado ilikuwa saa tatu na kitu. Baada ya hapo barabara ilianza kushuka, na kila mteremko ulinivua nguo moja. Kwanza sweta, halafu kitambaa cha kichwa, halafu khanga ya mabegani. Hewa ilianza kuingia kwenye gari ikiwa imeshapikwa. Miti ikawa mifupi, ya miiba, haina kivuli, imesimama kama imegombana. Nilitazama mikono ya shemeji. Alikuwa ameikunja magotini, kimya. Mtu wa Chunya amenyamaza, nikasema moyoni.

Tulifika kama saa tano na nusu. Chini ya mahema watu wamekaa, wana medali shingoni, wanakula chipsi na kuku, muziki unapiga.

"Angalia hao," mzee akaninong'oneza. "Wanakula kabla ya kukimbia. Watatapika wote."

Mimi niliziona medali. Nikasema labda ni za watoto, labda watoto wametangulia. Akili ikikataa kitu inatafuta hata watoto.

Mwenye kosa wa pili alikuwa mezani, katibu wa mbio, mwanamke mwenye kofia ya jua na kalamu tatu. "Mmechelewa, wazazi wangu," alisema. "Tumeanza saa moja. Ndiyo tunafunga."

Mzee akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua taratibu, akaiweka mbele yake na kidole juu ya maandishi.

Katibu aliisoma. Nilimwona inamwingia. Alifunika mdomo kwa mkono, kisha akaondoa mkono, akasema, "Ilikuwa 7:00 ya asubuhi. Kwenye simu imeandikwa vizuri. Hiyo ya kiswahili niliiandika mimi, niliinakili tu."

Hatukuwa peke yetu. Walikuwepo wengine kama kumi, watu wa vijijini waliopewa karatasi kama sisi, wameanza kukasirika kwa sauti. Hapo akaja wa tatu, mwenyekiti wa mbio, mwanamume mnene mwenye taulo dogo shingoni. Katibu alimnong'oneza. Mimi nilikuwa karibu, nilisikia anasema, "Tuwaombe msamaha tu, mwenyekiti, tuwape vyeti vya kushiriki." Mwenyekiti akamtazama kama kwamba yeye ndiye aliyeleta joto. Akapanda kwenye kiti.

"Ndugu zetu hawa wana haki yao," akatangaza. "Karatasi imesema saa saba, na sisi tutawaanzisha saa saba. Hatubagui mtu."

Watu wa chipsi wakapiga makofi. Palikuwa na nesi, dada mwembamba mwenye koti la njano, akamfuata mwenyekiti alipokuwa anashuka kwenye kiti.

"Mkubwa, jua hili?"

"Hawa ni wakulima, sista. Wamezaliwa juani."

Mimi nilizaliwa mvuani. Ningesema. Hata mzee angesema kitu, maana hakuna siku alikosa la kusema. Lakini tulikuwa tunafikiria cheti, sote wawili, na mtu mwenye karatasi unayoitaka humbishii. Simu yangu ya tochi niliiacha kwenye begi mezani kwa katibu. Mzee simu hana.

Saa saba kamili wakapuliza honi. Yale makofi yalituvusha mita mia ya kwanza. Kwenye kilima cha kwanza wanne walirudi. Mbele kidogo wengine wakakaa chini ya mti wa miiba wakasema wao si wehu. Sikuwaangalia mara mbili. Chini ya nusu saa nilikuwa nasikia miguu miwili tu nyuma yangu, vile viatu vya kazi, kofu, kofu.

Joto lile sijui nilisemeje. Kwetu jua linakuja toka juu. Kule lilitoka chini, lilitoka kwenye mawe, lilipanda ndani ya raba na kunishika magoti. Pumzi nikiivuta inaniunguza puani, nikiitoa haitoki yote. Jasho lilikuwa linakauka kabla halijashuka, likaacha chumvi kwenye nyusi. Tulikubaliana kukimbia hatua mia mbili na kutembea mia moja. Mimi ndiye nilikuwa nahesabu.

Njia ilitakiwa kuonyeshwa na tepe nyekundu zilizofungwa kwenye miti. Zilikuwepo mpaka kilomita ya tatu hivi. Baada ya hapo hakuna. Watu wa usafi walishazifungua asubuhi, mbio zilipoisha, na hakuna aliyewaambia wazirudishe. Tukawa tunafuata alama za viatu kwenye vumbi, mimi nimeinama kama mtu anayetafuta sindano. Kila njia ilipogawanyika nilihesabu alama upya. Tukipotea, saa tano zinaisha. Zikiisha, chumba kimekwenda.

Maji tuliambiwa yapo kilomita ya sita. Tuliikuta meza, imelazwa ubavu. Maboksi matupu. Na chupa, chupa nyingi zimetupwa kwenye majani, za watu wa asubuhi.

"Yatakuwa mbele," mzee akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka.

Mimi nilipiga magoti. Nilichukua chupa moja baada ya nyingine, nikaiinua, nikaigonga kitako. Katika hii funda nusu, katika ile matone. Ya moto kama chai, yana ladha ya plastiki na midomo ya watu. Nilipata kama kikombe kizima. Kisha nikajaza funda kadhaa kwenye chupa moja nikampa.

Aliitazama. "Mabaki?"

"Maji, shemeji."

"Mabaki ya watu nisiowajua." Akatikisa kichwa. "Mhehe hanywi mabaki. Hata marehemu mumeo angekuambia. Kunywa wewe."

"Nani anakuona huku?"

"Mimi najiona."

Nilimsihi. Nilimtukana kidogo, kwa Kinyakyusa, ili asielewe. Alielewa. Akacheka bila sauti, akanisukumia chupa kifuani, akaanza kukimbia. Hiyo chupa niliinywa mimi. Nimeandika nitataja wenye makosa, na yeye nimtaje basi. Kosa lake ni hilo, heshima yake mwenyewe, na kwa sababu hiyo namkasirikia kuliko mwenyekiti.

Kilomita ya kumi kulikuwa na korongo, mto wa mchanga mtupu. Tulipokuwa tunashuka nikasikia vile viatu vimebadilika mlio. Nikageuka. Mzee alikuwa anatembea kiupande, mkono mmoja mbele kama anapapasa ukuta. Uso ulikuwa mkavu kabisa. Hakuna jasho hata tone.

"Punguzeni taa," akaniambia. "Inatoa moshi."

"Taa gani, shemeji?"

"Huku chini hatutapumua. Waambie wa juu wavute kamba."

Alikuwa Chunya. Alikuwa ndani ya shimo la dhahabu, miaka thelathini nyuma, na mimi alikuwa hanijui. Nilimshika, ngozi yake iliniunguza kiganja. Akakaa, kisha akalala, polepole, kama mtu anayelazwa na mwingine.

Nilimburuta mpaka chini ya ukingo, palikuwa na kivuli cha upana wa mkeka. Nikamvua viatu na shati. Halafu nikachimba. Nilishaona wanawake wa bondeni wakichimba maji kwenye mchanga, nilikuwa sijawahi kuyachimba mimi. Nilichimba kwa mikono na kwa kiatu chake, mpaka mkono ukazama hadi begani, na mchanga ukaanza kutoka mweusi, wa baridi. Maji hayakutoka. Ule mchanga wa baridi nikampaka kifuani, shingoni, makwapani, nikaukandika kama udongo wa ukuta. Ukikauka nautoa, naweka mwingine. Sijui ni muda gani. Nusu saa, labda zaidi. Nilikuwa nahesabu bado, ndani kwa ndani, sijasahau hata kidogo. Aibu yangu ni hiyo. Mikono inampaka mchanga, kichwa kinahesabu.

Baadaye akafungua macho. "Shemeji."

"Nipo."

"Umenipika au umenizika?"

Nikalia hapo, machozi mawili tu, mengine hayakuwepo.

"Nenda," akasema. "Kachukue karatasi yako. Halafu walete watu."

Nikaenda. Nilipopanda ukingo wa pili, mbele kidogo, nilikutana na mwanamke mwenye punda, punda amebeba madumu manne ya maji. Kamwene, akanisalimia. Kamwene. Hakuniuliza kitu, alifungua dumu akanimiminia kwenye viganja, nikanywa mpaka nikakohoa.

"Kule korongoni kuna mzee ameanguka," nikamwambia. "Ni mtu wangu. Nakuomba mama, mfikishie maji. Mmwagie."

"Twende."

"Mimi naenda mbele kuita gari. Ni mbali?"

"Ni hapo tu." Aliangalia namba niliyobandikwa kifuani, akaniangalia usoni. "Gari naweza kumtuma kaka yangu akaite, ana pikipiki, nyumbani ni hapo nyuma ya ule ua wa minyaa. Wewe mtu wako hujui hata kama atakubali kunywa mkononi mwangu. Huji?"

Nilielewa vizuri alichoniambia. Gari lingeitwa na mtu mwingine. Mimi ningerudi kukaa na mzee.

"Nina karatasi ya kuchukua," nikasema.

Akamgeuza punda. Mpaka leo namwona kwa nyuma, khanga yake ya bluu, anashuka korongoni kwa mtu asiyemjua, na mimi nakwenda upande wa pili.

Hapo tu ilikuwa kilomita karibu nane. Sina cha kueleza juu yake. Nililia, nilitembea, nilikimbia, nilimwona mume wangu amekaa kwenye jiwe anafunga kamba za viatu, nikampita.

Nilipofika walikuwa wanashusha mahema. Muziki umezimwa. Ile saa kubwa ya mbio, yenye namba nyekundu, ilikuwa bado inatembea, hakuna aliyeizima tangu asubuhi. Nikamwambia nesi wa koti la njano neno moja, korongoni, na dada yule hakuuliza ruhusa kwa mtu. Alipanda gari la mwenyekiti, akamwambia dereva aende. Yeye ndiye mtu pekee wa pale ambaye simdai.

Katibu alinijazia cheti. Aliangalia ile saa nyekundu, akanakili. Kunakili ndiyo kazi yake. MUDA: SAA 9:40.

"Si kweli," nikamwambia. "Nimetoka saa saba, sasa ni saa kumi na dakika arobaini. Ni saa tatu na dakika arobaini nimetumia."

Mwenyekiti alikuwa nyuma yake anakunja waya. "Saa ya mbio ilianza asubuhi, mama. Haiwezi kuanza mara mbili. Shukuru umefika."

Saa tisa na dakika arobaini. Msimamizi alisema tano. Nilikaa chini kwenye vumbi na cheti mkononi na medali shingoni, nimeshafukuzwa chumbani.

Mzee walimkuta yu hai. Mwanamke wa punda alikuwa amemmwagia madumu matatu na amemtilia kivuli kwa khanga yake. Alilazwa Iringa siku tisa. Daktari alisema figo zimeumia, asibebe kitu, asikimbie, asikae juani. Mimi nilirudi Igowole kesho yake peke yangu, na Jumatatu nikaingia ofisini kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu.

Msimamizi alikichukua cheti. Akakisoma. Nikatazama sakafu.

"Ulitoka saa saba," akasema, "umefika saa tisa na dakika arobaini."

Nikainua kichwa.

"Saa mbili na dakika arobaini! Mama, mbona wewe ni hatari? Kwa umri huo? Mimi mwenyewe sijui kama naweza."

Alikuwa ameisoma kwa saa yetu. Karatasi yake ilisema saa saba, cheti kinasema saa tisa, akatoa moja kwenye nyingine. Ule ule upofu ulionipeleka juani ndio ulionirudishia chumba. Nilifungua mdomo nimweleze. Nikauona mlango wangu, safu ya pili, wa tatu kutoka bombani. Nikafunga mdomo.

"Na mzee?"

"Hakumaliza."

"Pole yake," akasema, akaandika kitu.

Mzee aliporudi walimpeleka bustani. Anajaza udongo kwenye viriba vya miche, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Siku ya kwanza nilipopita akaniita. "Shemeji, saa ngapi?" Alikuwa ameshasikia habari za saa mbili na dakika arobaini, kambi nzima ilikuwa inanitania. Nikasimama. Yeye akaendelea kushindilia udongo kwa kidole gumba. Tangu siku hiyo kila nikipita anauliza, na mimi namwambia saa ya kweli, na nakwenda.

Sasa karatasi imebandikwa tena. Mwaka huu wameandika SAA 1:00 ASUBUHI, wamejifunza. Na msimamizi ameniita. "Safari hii unatuwakilisha, mama. Ukishuka chini ya saa mbili na nusu, kampuni itakupiga picha." Usiku huo sikulala. Saa mbili na nusu. Nitafia kule, niliwaza, nitafia kule kwa ajili ya muda ambao haukuwahi kuwepo.

Jana nikarudi ofisini. Nikamweleza yote, nimesimama. Kwamba 7:00 ilikuwa ya kizungu. Kwamba nilitumia saa tatu na dakika arobaini, ndani ya tano zake, na nusu saa ya hizo nilikuwa nachimba mchanga. Kwamba mzee alimuuliza, mchana? na yeye akasema, soma.

Akaitazama ile saa yake ya mapigo ya moyo, na mimi nikafikiri, leo hiyo saa inaandika nini.

"Hii habari umemwambia nani mwingine?"

"Bado."

"Ikifika juu, mama, haitakuwa nzuri kwangu."

"Najua."

"Basi hukimbii. Unabaki doria, unabaki na chumba chako. Cheti ni cheti. Tuiache hapo."

Hapo ndipo ningesema: na mzee je? Mpe doria ya mnarani, ya kukaa kivulini na kuangalia moshi, hiyo haihitaji figo. Alikuwa ananiogopa, angekubali chochote. Nilikuwa na neno hilo mdomoni. Lakini mtu anayeogopa anaweza kugeuka, na nikaogopa kwamba nikiomba viwili nitakosa kimoja.

"Tuiache hapo," nikasema.

Leo asubuhi nimepita bustani. Mzee alikuwa kwenye ndoo yake, mikono imejaa udongo.

"Shemeji, saa ngapi?"

Nilivuta ndoo nyingine, nikaipindua, nikakaa karibu yake, nikaanza kujaza viriba, ingawa zamu yangu ya doria ilikuwa imeshaanza na msimamizi angeweza kutokea wakati wowote. Yeye hakuniangalia. Akanisogezea udongo.

"Unashindilia sana," akasema. "Mche hautapumua."

Nikalegeza. Nilikuwa natafuta pa kuanzia kumweleza, kama nianze na ofisi jana au nianze na mwanamke wa punda.